Re: Kupaka waksi kwa mkono au kwa mashine?

Mkuu, umeuliza kama kupaka gari waksi kwa mashine kutakupa mng'ao zaidi ya mkono. Kwa waksi yenyewe, hapana. Mashine inaonyesha tofauti kwenye polishi, maana polishi hukwangua rangi kidogo na kupunguza mikwaruzo. Waksi hukaa juu tu kama kinga. Ukiona mikwaruzo ya mviringo juani, anza na polishi kwanza.

Kwa mkono: osha gari, likauke kabisa, liwe kivulini na bodi isiwe na joto. Weka waksi kidogo kwenye sponji, paka nusu ya boneti kwa tabaka jembamba. Hapa ndipo wengi huharibu: wanapaka nene wakidhani italinda zaidi, kumbe inagoma kutoka na kuacha mabaka. Waksi ikikauka na kufifia, pitisha kidole. Alama ikibaki safi bila kuvutika, futa kwa kitambaa cha maikrofaiba. Kigeuze mara kwa mara, kikishajaa kinasambaza tu.

Mashine inakuokoa mkono kwenye gari kubwa, na hupaka tabaka sawasawa. Chukua ile ambayo pedi yake inazunguka huku ikiyumba, spidi ya chini, pedi laini ya sponji. Ile ya kuzunguka tu iache: huzalisha joto na inaweza kula rangi kwenye kingo. Funika kwa tepu sehemu za gari zenye plastiki nyeusi, waksi ikikaukia pale huacha weupe sugu.

Kufuta, hata ukipaka kwa mashine, ningefanya kwa mkono.