Ctrl+P ilivyonilazia Windows mbele ya mteja

Steshenari yangu hapa Nyegezi ina laptop moja tu, ndogo, haina hata zile namba za pembeni. Ndani ina Ubuntu, mfumo wa bure wa Linux, kwa sababu Windows ilikuwa inaichosha mpaka feni inalia kama boti, ila kuna programu ya mahesabu ya mteja wangu mmoja ambayo inakubali Windows tu. Nikaona isiwe tabu, nikashusha VirtualBox, programu inayotengeneza kompyuta ya pili ndani ya kompyuta yako, nikapachika Windows ndani ya Ubuntu, bando likaisha hapohapo lakini ikawaka. Nikajua nimemaliza, kumbe kibodi ndo ilikuwa inanisubiri.

Siku ya kwanza tu mausi iliingia ndani ya Windows ikagoma kutoka. VirtualBox ina kitufe inachokiita Host, ndo cha kuachia mausi na kibodi zirudi nje, na ukiwa Windows au Linux wenyewe wameweka Ctrl ya kulia. Sasa laptop yangu haina Ctrl ya kulia! Pale wameweka mshale. Nikahangaika weee, mwisho nikashikilia pawa mpaka ikazima yote. (Shida ya mausi inaisha ukiweka Guest Additions, nyongeza ya VirtualBox inayowekwa ndani ya Windows ile, usingoje kama mimi. Kibodi lakini itaendelea kushikwa.)

Basi nikaingia kwenye Preferences, sehemu ya Input, nikabadilisha Host nikaweka Ctrl ya kushoto. Nikajiona fundi kweli.

Kesho yake asubuhi akaja mama mmoja wa dagaa, anauzia Mwaloni pale Kirumba, anataka nimtolee orodha ya magunia na gari la mzigo linamsubiri. Nikabonyeza Ctrl+P nichape. Skrini ikafifia, Windows kimya. Nikabonyeza tena, ikaamka. Nikabonyeza tena, ikalala. Printa haijatoa hata karatasi moja na jasho linanitoka, mama ananiangalia tu halafu akasema, "Mwanangu, inasinzia hiyo kompyuta au ni wewe?"

Kumbe Host na P kwa VirtualBox maana yake ni simamisha mashine. Host na S inafungua mipangilio, kwa hiyo kila nikitaka kusevu naletewa mipangilio, na Host na R ni kuiwasha upya, bora hiyo inakuuliza kwanza. Yaani mimi mwenyewe nilichukua kitufe ninachokigusa kila dakika nikawapa VirtualBox. Orodha ya mama ikabidi niende kwenye menyu ya programu kwa mausi, nikatafuta neno Print kama mgeni.

Kwa hiyo kama unaanza, kabla ya kitu chochote Host ipe kitufe usichokitumia. Mimi sasa hivi ni Alt ya kulia. Kwa kuandika Kiswahili na Kiingereza siihitaji, ila mwenye kibodi ya Kifaransa asiiguse maana hiyo ndo inamwandikia @.

Halafu Alt+F4. Hii iliniuma zaidi. Nilitaka kufunga programu ya ndani, kumbe kibodi wakati ule ilikuwa ya Ubuntu, likafungwa dirisha la VirtualBox lenyewe. Inakuuliza uhifadhi hali, uzime taratibu au ukate umeme, tatizo inakumbuka ulichochagua mara ya mwisho, na mimi mara ya mwisho nilikuwa nimekata umeme. Nikapiga Enter bila kusoma, mahesabu ya nusu siku yakaenda. Siku hizi naangalia kwanza ule mshale mdogo chini kulia kwa dirisha, ndo unaokuambia kibodi iko kwa nani.

Ctrl+Alt+Del usihangaike nayo, bonyeza Host na Del, inafika ndani. Kama wewe nje ni Windows, hiyo na Windows+L zinadakwa na Windows ya nje kabla ya programu yoyote, hata ukinuna. Wa VMware, programu nyingine ya aina hii, wanatumia Ctrl+Alt+Insert, na wanaoingia kompyuta ya mbali kwa Remote Desktop ni Ctrl+Alt+End.

Na wenzangu wa Ubuntu, ukiona kitufe cha Windows au Alt+Tab vinaishia nje hata kama VirtualBox imeshika kibodi, angalia kama uko kwenye Wayland, mfumo unaochora madirisha kwenye skrini, ambayo Ubuntu wameifanya ya kawaida tangu toleo la 21.04. Yangu ilikuwa hiyo. Nilifanya log out, nikabofya kile kigurudumu cha kwenye skrini ya kuingia, nikachagua Xorg, mfumo wa zamani wa kazi hiyohiyo, zikatulia. Matoleo mapya kabisa yameshaiondoa hiyo njia ya Xorg, so usiapdeti kwa pupa kama kazi zako ziko humo.

Alt ya kulia nimeibandika plasta nyekundu ili kijana wangu wa dukani asikosee. Yule mama wa dagaa bado anakuja, na bado anaanzia mlangoni kuuliza kama kompyuta imeamka.