Muulize Mwalimu: Nani Alitangulia Kupata Kura?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Kwenye kikundi chetu cha vikoba tumebishana nchi iliyotangulia kuwapa wanawake kura. Mwenzetu anashikilia ni Uingereza. Ni kweli? Na huyo mama aliyeipigania alipata ubunge? (Mwanavikoba, Urambo)

JIBU: Marahaba, mama. Uingereza ilianza nusunusu 1918, ikakamilisha 1928. Iliyowatangulia ni New Zealand, tarehe 19 Septemba 1893, na wa kumkumbuka ni Kate Sheppard, mzaliwa wa Liverpool aliyehamia Christchurch.

Alianzia kwenye chama cha wanawake Wakristo waliopinga ulevi. Walipeleka kilio chao bungeni, hawakusikilizwa. Mbunge amwogope nani, ikiwa anayelalamika hapigi kura? Sisi tuliokua tukiona fedha za tumbaku zikiishia kwenye pombe ya wanzuki tunaelewa uchungu wao.

Ndipo wakaanza kudai kura yenyewe, na kazi yao ya kukusanya majina ya kuiomba ndiyo ningependa muizungumze kikobani. Mwaka 1891 walipata saini zaidi ya 9,000, wakakataliwa. 1892 karibu 20,000, wakakataliwa tena. 1893 karibu 32,000! Karatasi zilizunguka mijini na mashambani, kisha Sheppard akazigandisha kwa gundi, moja baada ya nyingine, ukawa mkanda mmoja wa mita zaidi ya 270, akauviringisha kwenye mpini wa ufagio. Mbunge John Hall akaukunjua mle mle ukumbini, wenzake wakitazama. Sheria ilipopita iliwahusu na wanawake Wamaori. Leo sura ya Sheppard ipo kwenye noti yao ya dola 10, lakini mimi wasichana ningewaonyesha kwanza ule mpini.

Kwetu je? Januari 1958 TANU ilikutana hapa hapa Tabora ikakubali kuingia uchaguzi wa kura tatu, yaani kila mpigakura achague Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Ili upige kura ulitakiwa uwe na darasa la nane, au kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au wadhifa uliotambuliwa. Mama yangu aliuza karanga sokoni. Hakuwa na hata kimoja. Inaniuma mpaka leo, maana wanawake wa rika lake ndio waliojaza mikutano ya Bibi Titi Mohamed.

Kuhusu ubunge wa Sheppard, hapana. Sheria ya New Zealand ya 1893 iliwaruhusu wanawake kuchagua tu. Ruhusa ya kugombea ilikuja 1919, na wa kwanza kushinda, Elizabeth McCombs, aliingia bungeni 1933. Sheppard alikuwa angali hai, alifariki 1934.