Hesabu Seli Kwanza, Orodha ya Jeni Baadaye

Wiki hii kijana mmoja wa uzamili hapa Moshi alinifuata kantini. "Shikamoo dada. Nataka kutafuta kipokezi cha virusi kwa CRISPR. Nianzie wapi?" (Kipokezi ni protini ya seli ambayo virusi huishika ili viingie; CRISPR ni mkasi wa kuharibu jeni unayoichagua.)

"Marahaba. Anzia sokoni Mbuyuni." Akadhani namtania.

Fikiria gunia la maharage mchanganyiko, aina elfu sabini na kitu. Ukichota kikombe kimoja, aina nyingi zitabaki guniani, na hutajua ni zipi. Ndicho nilichofanya nikiwa masomoni Ulaya. Maktaba yetu, yaani mkusanyiko wa RNA elekezi, vipande vinavyouonyesha mkasi jeni ya kukata, ilikuwa na kama 76,000, nne kwa kila jeni, na seli moja hupewa kimoja tu. Ukitaka kila moja iwe na seli 500, unahitaji seli milioni 38, na si siku ya kwanza tu, bali kila unapozihamishia chupa mpya. Mimi nikabakiza milioni 2, eti nabana matumizi ya chakula cha seli (ni ghali kweli). Hizo ni seli 26 kwa kila RNA! Nikamwaga virusi, nikasoma DNA ya seli zilizopona nijue ni jeni zipi zilizokatwa humo, nikarudia jaribio. Jeni kumi bora za orodha mbili hazikulingana hata jina moja. Miezi minne ikaenda na maji.

La pili, ambalo kwangu ndilo tamu: seli iliyopona si lazima iwe imevizuia virusi kuingia. Huenda viliingia vikakwama ndani. Kama unachotafuta ni njia ya kuingilia, chukua VSV, virusi vya mifugo visivyo hatari sana kwa binadamu, uvivalishe protini ya nje ya virusi unavyovichunguza. Pembeni weka VSV yenye protini yake ya asili, ulinganishe. Ebola ilifanyiwa hivyo mwaka 2011, kabla ya zama za CRISPR, ikajitokeza jeni ya NPC1, ambayo protini yake haikai hata juu ya seli. Iko ndani, kwenye laisosomu, vifuko vya kumeng'enyea taka za seli. Seli za wagonjwa wa Niemann-Pick aina ya C, ugonjwa wa kurithi ambao kwao jeni hiyo imeharibika, nazo zikaikataa Ebola.

Ukipata jina la jeni, iondoe jeni hiyo peke yake, kisha irudishe uone kama maambukizi yanarudi. MXRA8, kipokezi cha virusi vya chikungunya, ugonjwa wenye jina la Kimakonde, ilipatikana kwa CRISPR mwaka 2018.

"Na jeni isipotokea kwenye orodha, ina maana virusi haviihitaji?" kijana akauliza.

Hapana. Huenda ina pacha wa kushika zamu, au seli hufa bila hiyo kabla hujamwaga chochote.

Akaandika. Kisha akauliza anaweza kuazima chupa ngapi.