Shangazi, wananiita msaliti kwa kukataa kumdanganyia matroni

Shangazi, nipo kidato cha tatu, shule ya bweni. Rafiki yangu tumetoka mbali, tangu darasa la nne. Muhula huu ameanza kutoroka wakati wa masomo ya usiku. Majina yakiitwa namwitikia, matroni akiuliza nasema anaumwa tumbo. Wiki iliyopita nilikataa. Tupo wanne kwenye kundi: yeye na mwenzetu mmoja wananiita msaliti, yule mwingine anacheka tu. Wanasema nikitaka yaishe, Jumamosi nitoroke nao. Nifanyeje?
Njia Panda

Mwanangu Njia Panda,

Jumamosi usiende. Hilo tulimalize kwanza, ndipo tuzungumze.

Umemsaliti kwa lipi? Hukwenda kwa mwalimu wa zamu, hukumtangaza bwenini. Umekataa tu kuitika "nipo" kwa jina lisilo lako. Siku matroni atakapopita na tochi kitanda kwa kitanda, wewe ndiye utakayeulizwa huyo mgonjwa wa tumbo yuko wapi.

Nimeisoma barua yako mara mbili nikitafuta anakokwenda, sikupaona. Labda hujui, labda unajua ukaogopa kuandika. Hapo ndipo ninapopata wasiwasi, kuliko hiyo minuno yenu ambayo, niwie radhi, itapita. Binti yuko nje usiku, na anayejua kwamba hayupo ndiye anayewaambia watu kwamba amelala. Akipatwa na jambo huko, nani atamtafuta?

Mvizie akiwa peke yake, mnapofua au mnaporudi kutoka darasani. Mbele ya wenzake atajifanya shujaa tu. Mwambie, "Sitakuitikia tena, lakini bado ni rafiki yako. Unakwenda wapi?" Kisha nyamaza, hata akianza kwa matusi. Usimwahidi kwamba hutasema lolote. Ukisikia kuna mtu mzima anayempa zawadi au kumtisha, jambo hilo limeshawazidi kimo nyinyi wawili. Lipeleke siku hiyo hiyo kwa mwalimu wa ushauri nasaha au kwa mzazi unayemwamini. Atakuchukia, pengine kwa muda mrefu. Sitakudanganya kuhusu hilo.

Sasa huyo anayecheka tu. Umempitia kwa maneno machache, lakini kwangu mimi yeye ndiye aliyenivutia. Miaka ya 1950 mwanasaikolojia Solomon Asch aliwaonyesha watu mistari, akawauliza upi unalingana na upi. Wengine chumbani walikuwa wamepangwa kujibu uongo kwa sauti. Takriban robo tatu ya waliopimwa waliufuata uongo huo angalau mara moja, ilhali jibu sahihi lilikuwa wazi machoni mwao. Alipowekwa mwenzao mmoja tu wa kusema kweli, waliofuata mkumbo walipungua sana. Huyo mchekaji wenu, nahisi, anacheka kwa sababu anaogopa zamu yake ya kuitwa msaliti. Muulize kando, bila kumshawishi, kama yeye anataka kwenda Jumamosi. Akisema hataki, mtakuwa wawili, na kula pamoja wawili kunatosha kabisa wakati wengine wamenuna.

Na usiku ambao rafiki yako atachelewa kuliko kawaida, usisubiri asubuhi. Mwamshe matroni saa hiyo hiyo, hata kama mmenuniana wiki nzima.

Shangazi