Barabara ya Wete imehama?

SWALI: Asalaam alaykum. Chuoni kwetu Tunguu tunakusanya ramani za Pemba ziwe kwenye kompyuta, za utafiti na kufundishia, sasa tukiskani ile ya zamani tukaiweka juu ya picha za droni barabara ya Wete haikai mahali pake. Kwa nini?

JIBU: Waalaykum salaam mwanangu. Tazama pembeni mwa karatasi, ikiwa imeandikwa Arc 1960, yaani mfumo wa zamani wa kupimia mahali kwenye ramani, basi ndo hapo, GPS inatumia mfumo mwengine, WGS84, na huku kwetu tofauti inafika karibu mita 300, ndo mana barabara inaangukia kwenye mikarafuu. QGIS, programu ya ramani ya kompyuta, ni ya bure na inageuza yenyewe mradi uiambie kwanza ramani ni ya mfumo gani, na kanda yetu katika mgawanyo wa ramani wa UTM ni 37 Kusini. Na kila ramani iandikieni mwaka wake tafadhali, picha za droni huku Zanzibar zimeanza 2016 tu.