AC ya gari ikinuka, usikimbilie kujaza gesi

Niseme mapema kabisa ili hata ukiishia hapa uwe umeondoka na kitu: AC inayonuka haiponi kwa kujaza gesi. Kazi ya gesi ni kupoza tu, inazunguka humo humo ndani ya mabomba yaliyofungwa na wala haikutani na hewa unayovuta, kwa hiyo fundi akikwambia "bosi gesi imechafuka ndo maana inanuka, tuitoe tuweke mpya" we jua hapo unaenda kumlipia ada ya mwanae. Mimi hapa Dar nishaambiwa hivyo na zaidi ya fundi mmoja, na ukiwauliza imechafukaje wakati mfumo haujafunguliwa wanahamia kwenye stori za kompresa. Gesi ya R134a, ambayo ndo imo kwenye magari mengi tunayoagiza kutoka Japani, hata ikivuja pua yako haitakwambia kitu, utakachoona ni AC inatoa upepo wa kawaida tu.

Sasa harufu inatoka wapi. Nyuma ya dashibodi, kwa magari yetu haya ya usukani wa kulia ni upande wa abiria, kuna kitu kama rejeta ndogo yenye mapezi membamba ya alumini, mafundi wanaiita evaporeta. Hiyo ndo inapoa, blowa (ile feni ya AC) inasukuma hewa ipite katikati ya mapezi, inakufikia ikiwa ya baridi. Na hewa ya Dar unaijua, kuanzia Januari mpaka masika yanaisha ni unyevu mtupu, ikigusa ile alumini ya baridi maji yanajitenga, yanachuruzika kwenye trei chini yake halafu yanatoka nje kwa kimpira. Ndo yale maji unayaona yanadondoka chini ya gari ukipaki baada ya safari, usihangaike nayo, ni maji tu. Tena siku ukiona AC imefanya kazi kutwa nzima kwenye joto la Februari na chini pakavu, hapo ndo uanze kuwa na wasiwasi, huenda kimpira kimeziba na maji yanabaki ndani.

Tatizo linazaliwa ukizima gari. Umefika nyumbani, unazima AC na injini kwa mkupuo, evaporeta inabaki imelowa chepechepe, iko gizani, gari limefungwa vioo, joto linapanda, na kwenye mapezi kuna vumbi, nywele, vipande vya majani na uchafu mwingine uliopita kwenye filta. Ukungu na bakteria wanataka nini tena zaidi ya hapo? Asubuhi unawasha, pumzi ya kwanza inayotoka ni uvundo, ile harufu ya nguo zilizosahaulika kwenye beseni. Baada ya dakika chache unapungua au pua inazoea, unasahau, kesho tena.

Kabla hujafungua chochote, sikiliza harufu yenyewe kwanza maana sio kila mnuko ni wa evaporeta. Uvundo au uchachu wa kama siki unaokuja mwanzoni ukiwasha kisha unafifia, huo ni unyevu na ukungu, ndo kesi ya watu wengi. Kama ni harufu ya moshi, oili iliyoungua au petroli, bonyeza kile kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani, kile chenye picha ya gari na mshale umejikunja ndani yake. Harufu ikikata, maana yake inavutwa kutoka nje au kwenye injini, inapita pale chini ya waipa hewa inapoingilia, kwa hiyo nenda kwa fundi injini akuangalizie oili inayodondokea eksozi au bomba la mafuta linalovuja. Ya petroli usiivumilie hata siku moja. Na moshi wa eksozi ukiingia ndani shusha vioo, paki, shuka, kwa sababu ndani ya ule moshi kuna kaboni monoksaidi ambayo yenyewe haina harufu na ndo inayoua, wanaolala kwenye gari na AC ikiwaka ndani ya gereji iliyofungwa wanacheza na roho zao.

Harufu tamu tamu, na kioo cha mbele kinapata ukungu wenye mafuta mafuta ambao kitambaa kinausambaza tu, hiyo ni kulanti, yaani maji ya kupozea injini, inavuja kwenye rejeta ya hita. Kwa sisi tunaokaa joto hita hata hatuikumbuki ila ipo na kwenye magari mengi maji ya injini yanapita humo muda wote. Zulia la abiria likilowa, gusa kwa kidole: maji ya AC hayana rangi, kulanti inanata na ina rangi ya pinki au kijani. (Kama kwenye rejeta yako unajazia maji ya bomba hutapata huo utamu wala rangi, utapata kutu, lakini hiyo ni mada nyingine na tutagombana.) Harufu ya plastiki au waya kuungua, zima AC na feni papo hapo, hiyo ni ya fundi umeme na leo leo.

Tukirudi kwenye uvundo, pa kuanzia ni filta ya AC. Inashangaza watu wangapi hawajui kama ipo, mtu anabadilisha oili kwa kalenda ila ile filta imeingia nayo kutoka bandarini, imekuwa nyeusi, ina majani makavu na mabawa ya mende juu yake. Kwenye Toyota nyingi hizi ndogo kina Vitz, IST na Passo inakaa nyuma ya droo ya dashibodi. Unafungua droo, unatoa vitu vyote, ukiona kuna kamkono kembamba pembeni kanakoishikilia unakachomoa, halafu unabana kuta zake mbili kuelekea ndani mpaka vishikizo viachie, droo inalala chini yenyewe. Nyuma yake utaona kifuniko cheusi cha plastiki chembamba chenye klipu pembeni, kibane ukivute, filta inakuja. Haihitaji hata bisibisi. Ivute taratibu ikiwa imelala vile vile ilivyo, ukiipindua yale majani yote yanaangukia kwenye blowa na utaanza kusikia feni inalia krrr krrr. Angalia mshale au neno UP ulipoelekea ili mpya uirudishe vile vile.

Kuipuliza kwa upepo gereji kunatoa vumbi, harufu hakutoi. Kuiosha usijaribu, ni kama karatasi. Nunua mpya, kwenye maduka ya spea mtaa wa Gerezani, Kariakoo, zimejaa, nenda na ya zamani mkononi ulinganishe saizi maana ukitaja jina la gari tu utapewa inayokaribiana, na inayokaribiana inaacha nafasi pembeni hewa chafu inapita hapo hapo. Zikiwepo za aina mbili chukua yenye mkaa, ile ya kijivu au nyeusi, inanasa harufu za nje ambazo nyeupe ya kawaida inaziachia, utaona tofauti ukiwa umekwama nyuma ya lori bovu Mandela Road. Vitabu vya magari vingi vinasema ubadilishe kati ya kilomita 15,000 na 30,000, we kama kwako kuna barabara ya vumbi au unapaki chini ya mwarobaini usisubiri huko. Na ukipaki chini ya miti, kila wiki toa majani yanayojikusanya chini ya waipa, hayo yakioza yanaingia ndani kama harufu.

Umebadilisha filta na bado inanuka, basi evaporeta inataka kuoshwa. Kuna dawa za povu za makopo zenye mpira mrefu mwembamba, zimeandikwa kabisa kuwa ni za evaporeta ya gari. Injini imezimwa, feni imezimwa, filta imetolewa, unaingiza mpira kwenye tundu la filta au kutokea chini kwenye kimpira cha kutolea maji, unajaza povu, unaacha muda ulioandikwa kwenye kopo. Linayeyuka linashuka na uchafu, weka beseni chini uone rangi yake, mara ya kwanza nilivyoona yale maji ya kahawia yenye utelezi nikafikiria tu kwamba tumekuwa tunavuta hicho. Halafu milango yote wazi, washa gari, feni ya juu kabisa, AC imezimwa, mpaka kukauke. Kama kwenye gari lako blowa iko chini ya tundu la filta usimwage dawa kiholela hapo, ina mota na nyaya, mwachie fundi AC, mwambie unataka kuosha evaporeta na simama hapo uone, maana wengine wanapulizia marashi kwenye matundu ya mbele wanakwambia tayari.

Kuna ushauri unazunguka wa kutumia jik. Usithubutu. Jik inakula alumini, evaporeta ikitoboka gesi yote inatoka na kubadilisha evaporeta mara nyingi ni kushusha dashibodi nzima, na dashibodi ikishushwa bongo hairudi vile ilivyotoka Japani, itakuwa inagonga gonga mpaka unauza gari. Na yule anayesema uchanganye jik na siki ndo kabisa, mchanganyiko huo unatoa gesi ya klorini, ndani ya gari dogo hivyo ni sumu.

Ukishaosha, kazi inayobaki ni kutoiacha inalala imelowa. Dakika kama tatu au nne kabla hujafika, zima kitufe cha AC tu, feni iache iendelee, na fungulia hewa ya nje. Mimi nikikata kona ya kuingia mtaani kwetu nazima hapo, upepo wa joto unakuja kidogo, abiria ananuna, mwache anune. Na usiishi kwenye hewa ya kuzunguka ndani mwaka mzima, ipo kwa ajili ya vumbi na moshi, au kupoza gari haraka lililokaa juani, ukipita hapo fungua, la sivyo jasho na pumzi za watu watano zinazunguka mle mle zinarudi kwenye evaporeta.

Manukato ya kuning'iniza sina ugomvi nayo ila kwenye uvundo hayasaidii, unapata uvundo wenye vanila, na ukiwa na mtu anayetapika safarini umemmaliza.

Halafu kuna harufu ambazo AC inasingiziwa. Umetoka soko la samaki la Feri na samaki kwenye mfuko mmoja mwepesi, maji yametoboa mfuko yameingia kwenye zulia, kesho AC inatoa shombo: hiyo sio AC, ni zulia, hewa inapita chini ya viti inaokota. Nyanyua zulia, chini yake kuna sponji nene, hiyo ndo imekunywa, ioshe ikauke juani, kupangusa juu ni kujidanganya. Maziwa ya mtoto hivyo hivyo. Na kama ulipita kwenye maji Jangwani siku imefurika na yakaingia ndani, toa viti na zulia lote wiki hiyo hiyo. Panya pia wapo, wanaingia kwa njia ya hewa wanajenga kwenye blowa, filta ikitoka imetafunwa pembeni ujue una mpangaji, na akifia humo hakuna povu litakalokusaidia, blowa inafunguliwa. Ni skrubu chache tu chini ya dashibodi, vaa glovu na barakoa.

La mwisho kwa mnaokagua gari la mkononi: fika asubuhi likiwa halijawashwa, mwambie muuzaji asiliguse, ingia ufunge vioo, washa AC upepo wa juu na unuse zile sekunde za kwanza. Ukikuta tayari linaunguruma limepoa na limepulizwa marashi, omba kushika zulia la miguuni kwa abiria.