Gemu ya kwanza: mtumbwi mmoja, taa moja

Pesa nyingi za gemu zinaishia kwenye malipo ya watu. Hesabu yake ni watu mara miezi mara malipo: studio ya Marekani yenye watu 200, kila mmoja akigharimu dola 10,000 kwa mwezi kwa miaka 5, inafika dola milioni 120 kabla ya tangazo hata moja. Nyaraka za kesi zilizovuja Marekani mwaka 2023 zilionyesha gemu ya The Last of Us Part II ilikula takribani dola milioni 220. Kwa hela hiyo nani atabahatisha? Ndiyo maana gemu kubwa nyingi ni mwendelezo wa zile zile, na bei yake ilianza kupanda kutoka dola 60 hadi 70 mwaka 2020.

Kijana wa Ujiji au Mwanga, pale Kigoma, halipi mishahara, ila miezi anayo, na hiyo ndiyo inayopotea akianza na ramani ya mji mzima. Anza na uvuvi wa dagaa: washa taa, subiri dagaa wajae chini yake, vuta wavu kabla betri haijaisha. Basi. Ijenge kwa viboksi vitupu ndani ya Godot, programu ya kutengenezea gemu ambayo ni bure na haidai asilimia ya mauzo, kwa wiki 2. Kisha mpe mtu simu pale mwalo wa Kibirizi bila kumwelekeza. Akiirudisha baada ya dakika moja, usichore kitu. Mchezo wenyewe bado haujakaa.

Ugumu nao uongeze kwa namba, usiuongeze kwa michoro. Kila mvuvi anajua mbalamwezi inaifanya taa isivute dagaa. Punguza nguvu ya taa kadiri mwezi unavyojaa, na umepata hatua kumi mpya bila kuchora hata kasia.

Picha ndizo zinazoangusha wengi. Picha ya pikseli 2048 kwa 2048 isiyobanwa inachukua MB 16 za kumbukumbu. 1024 ni MB 4, 512 ni MB 1. Mtumbwi unaoonekana kwa ukubwa wa dole gumba unatosha na 256. Ukipuuza hili, simu ya RAM ya GB 2 itaifunga gemu ghafla bila ujumbe wowote, na mwenye simu ataifuta tu.

Ada ya kuweka gemu Google Play ni dola 25, unalipa mara moja. Steam, duka la gemu za kompyuta, ni dola 100 kwa kila gemu, kwa hiyo isubiri. Akaunti binafsi ya Google Play iliyofunguliwa baada ya 13 Novemba 2023 inahitaji wajaribuji 12 kwa siku 14 mfululizo kabla gemu haijatoka kwa umma. Andikisha 18, maana kuna atakayebadili simu na atakayejitoa. Wavuvi waandikishe mbalamwezi ikikaribia, wakiwa nchi kavu.